Nani Atapokea Simu Saa Tisa Usiku?

Tanga

Mwanangu,

Habari za kupandishwa kwako zimefika, na shangazi yako amezipokea kwa furaha na kwa mawazo pia. Kusimamia zamu ya usiku hospitalini ni kazi pana kuliko kukagua daftari la mahudhurio. Vijana utakaowakuta humo wengi wametoka chuoni juzi tu. Wengine bado wanajitolea kwa posho isiyozidi nauli, wakisubiri ajira. Hao ndio wanaoachiwa wagonjwa wakati wakubwa wote wamelala. Ndiyo maana barua hii imekuwa ndefu; isome siku ya ofu, usiisome ukiwa ndiyo kwanza umetoka naiti.

Kisa cha kukianzia ni cha Libby Zion. Alikuwa msichana wa miaka 18, mwanafunzi wa chuo, aliyepelekwa katika hospitali kubwa ya mjini New York usiku wa tarehe 4 Machi 1984 akiwa na homa na mwili ukimtetemeka. Aliyebaki na jukumu lake usiku ule alikuwa daktari tarajali ambaye hakuwa ametimiza hata mwaka tangu amalize masomo, na mkononi alikuwa na wagonjwa wapatao 40. Aliyemtangulia kidogo kwa uzoefu, naye akiwa bado mafunzoni, alikwenda kupumzika katika jengo jingine. Msichana alipoanza kuhangaika kitandani, wauguzi walipiga simu. Majibu yakaja kwa simu hiyo hiyo: afungwe asijiumize, apewe dawa ya kumtuliza. Kulipopambazuka joto la mwili lilikuwa karibu nyuzi 42, kisha moyo ukasimama. Ilikuja kufahamika kwamba alikuwa amechomwa dawa ya maumivu isiyopatana na dawa ya sonona aliyokuwa akiitumia nyumbani.

Baba yake, Sidney Zion, mwanasheria na mwandishi wa habari, hakukubali yaishe hivyo. Uchunguzi wa mahakama haukumfungulia daktari yeyote mashtaka ya jinai, lakini uliulaumu sana utaratibu mzima wa kuwafundisha na kuwasimamia madaktari wachanga. Jimbo la New York likaunda kamati chini ya Dk. Bertrand Bell, na mwaka 1989 kanuni mpya zikaanza kutumika: madaktari wa mafunzo wasifanye kazi zaidi ya saa 80 kwa wiki, wala zaidi ya saa 24 mfululizo. Saa hizo ndizo zilizopata umaarufu. Bell mwenyewe alitumia miaka mingi kuwakumbusha watu sehemu nyingine ya kanuni, iliyotaka madaktari wenye uzoefu wawepo hospitalini usiku kuwasimamia wadogo.

Shangazi yako anasimama upande wa Bell. Kukosa usingizi humchosha kijana, ni kweli, lakini kinachomvunja ni woga wa kumwamsha mkubwa. Kila muuguzi aliyewahi kukesha wodini anaijua simu ya saa tisa usiku inayopokelewa kwa ukali: “Hilo nalo la kuniamshia?” Kijana akijibiwa hivyo mara mbili, mara ya tatu hapigi. Atakaa na mgonjwa anayezidiwa, akimwomba Mungu kupambazuke. Hakuna semina wala keki ya siku ya kuzaliwa itakayomrudishia moyo kijana aliyepoteza mgonjwa kwa namna hiyo, na wengi wanaoacha kazi kimyakimya huanzia hapo.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria motisha, kaeni na madaktari mkubaliane ni mambo gani ambayo kijana akiyaona anapiga simu bila kujiuliza. Mama aliyejifungua akitokwa damu nyingi. Mtoto mchanga akishindwa kunyonya. Presha ikishuka chini ya kiwango mlichokiandika. Mgonjwa aliyekuwa akizungumza akianza kuchanganyikiwa. Karatasi hiyo ibandikwe kando ya simu ya kila wodi, iwe na saini ya mganga mfawidhi, ili kijana atakapoulizwa kwa nini alipiga awe na cha kuonyesha. Daktari anayefoka ni wako wewe kumkabili asubuhi. Usimwachie mtoto wa miaka 23. Na wakikupigia wewe kwa jambo dogo, washukuru kwanza, kisha wafundishe. Wapitie wodi kwa wodi pia bila kungoja kuitwa, hasa kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, mwili unapokuwa umepoa na akili nzito.

Jambo la pili ni viporo vya mchana. Tarehe 25 Aprili 1986 kinu cha nne cha umeme wa nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kilipangiwa jaribio ambalo wafanyakazi wa mchana walikuwa wameandaliwa kulifanya. Saa 8 mchana waongozaji wa umeme mjini Kiev wakaomba lisogezwe mbele kwa kuwa umeme ulikuwa bado unahitajika. Ruhusa ikaja baada ya saa 5 usiku. Zamu ya mchana ilishakwenda nyumbani zamani, na saa 6 usiku wakaingia wengine ambao jaribio halikuwa lao. Kwenye meza ya kuongoza kinu aliketi Leonid Toptunov, kijana wa miaka 25 aliyekuwa na miezi michache tu katika nafasi ile, na pembeni yake mkubwa aliyeshikilia kwamba jaribio liendelee. Saa 7:23 usiku kinu kikalipuka. Kinu kilikuwa na kasoro za usanifu ambazo waongozaji wake hawakuwa wameelezwa. Toptunov alifariki kwa mionzi tarehe 14 Mei.

Hospitali si kinu cha nyuklia, lakini tabia ya kusukumia usiku kazi iliyowashinda wa mchana inafanana popote. Chupa ya damu iliyopaswa kutundikwa saa kumi jioni hutundikwa saa nne usiku na kijana ambaye hakuambiwa kwamba mgonjwa huyo aliwahi kupata mzio. Usikatae viporo vyote, maana mgonjwa atahitaji damu tu. Kataa kiporo kinachokuja bila maelezo.

Hapo ndipo ripoti ya kupokezana zamu inapostahili heshima. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa hospitali 9 za Marekani na Kanada, ambako madaktari wa watoto walio mafunzoni walifundishwa kukabidhiana wagonjwa kwa mpangilio mmoja: hali ya mgonjwa ikoje, historia yake kwa ufupi, nini kifanyike, nini kinaweza kuharibika usiku na kikiharibika afanye nini, kisha anayepokea arudie alichosikia. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23. Haikuhitaji mashine wala bajeti kubwa. Kwetu ripoti husomwa mbiombio huku anayeondoka ameshabeba mkoba, akiwahi daladala. Wazuie dakika 20. Watalalamika wiki ya kwanza.

Sasa usingizi. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama aliyekunywa pombe hadi kiwango cha asilimia 0.05 katika damu. Piga hesabu: kijana anayeanza naiti ya kwanza, aliyeamka saa moja asubuhi na hakulala mchana kwa sababu ya kelele za nyumba ya kupanga, hufikia hali hiyo saa sita usiku, kabla hata kazi haijafika nusu. Na bado katika hospitali nyingi kusinzia zamuni ni kosa la kuandikiwa barua, kwa hiyo vijana huiba usingizi kwenye stoo wakati ambapo hakuna anayejua waliko. Hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayepitisha saa tano kazini mapumziko ya angalau dakika 60. Igawe saa hiyo waziwazi, kwa zamu, mmoja akipumzika mwenzake akishika wodi. Penye muuguzi mmoja, wodi ya jirani ikope mtu. Wataalamu wa NASA waliwahi kuwapa marubani wa safari ndefu nafasi ya dakika 40 ya kulala kwa zamu. Kwa wastani walilala dakika 26 tu, lakini walikuwa makini zaidi, huku wenzao walionyimwa wakiendelea kupotewa na fahamu kwa sekunde chache chache hata ndege ikishuka. Kijana akiamka, asianze kupima dawa papo hapo. Anawe uso kwanza, akili irudi.

Sheria hiyo hiyo inahesabu usiku kuwa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inaagiza nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa iliyofanywa katika muda huo. Inakataza kumpanga usiku mjamzito katika miezi miwili kabla ya kujifungua, na mzazi katika miezi miwili baada ya hapo. Wengi hawajui. Wasomee. Kama nyongeza haionekani kwenye hati za mishahara, muulize mhasibu wewe, kwa maandishi.

Wafikirie pia wanapotoka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 uliwaweka watu 16 kwenye barabara ya majaribio baada ya zamu ya usiku: safari 6 kati ya 16 zilikaribia ajali, na 7 zilisimamishwa kabla ya muda. Walipoendesha baada ya kulala usiku, hapakutokea tukio hata moja. Vijana wako wanaondoka kwa bodaboda, wengine wakiendesha wenyewe. Chumba chenye vitanda viwili na pazia zito, mtu alale saa moja kabla ya kuondoka, hakitaishinda hospitali.

Lililobaki linamuuma shangazi yako tangu zamani. Kikao cha watumishi huitishwa saa tatu asubuhi, wakati aliyekesha anatamani kitanda, na asipofika huhesabiwa mtoro. Majina ya semina hupangwa na watu wanaoonana mchana. Ikifika Mei Mosi, mfanyakazi hodari huchaguliwa miongoni mwa sura zinazojulikana ofisini. Kijana wa usiku hufanya kazi mwaka mzima na matroni hajui jina lake. Omba kikao kimoja kila mwezi kifanyike saa moja jioni, wakati wa kupokezana zamu, na umlete matroni mwenyewe. Peleka majina ya watu wako kwenye kila orodha, hata usipoombwa.

Ratiba yako ya mwezi wa kwanza itume kwa simu uonyeshe umewapangaje, tutaiangalia pamoja. Msalimie baba yako, umwambie dawa zake asiziruke.

Shangazi yako