Anayesubiri Nchi Kavu

Kwa muda mrefu niliamini, na ziko siku bado naamini, kwamba mtu anayekwenda kupumzika majini hana haja na simu janja. Imani hiyo sikuipata melini. Niliipata hapa hapa Bujora, mahali pasipo na bandari wala ufukwe, nikiwa nimesimama kwenye vumbi la uwanja wa ngoma wakati wa Bulabo, sikukuu yetu Wasukuma inayoambatana na Ekaristi Takatifu. Makundi ya ngoma ni mawili: Bagalu huwa upande mmoja, Bagika upande mwingine, na kila kundi hufanya kila liwezalo kuwavuta watazamaji wa wenzao. Ushindi hupimwa kwa umati: kule watu walikokimbilia ndiko kwenye mshindi. Siku hizi umati bado unakimbia, ila unakimbia mikono ikiwa juu, na kila mkono umeshika simu. Mchezaji akimwinua chatu wake, nusu ya watu hawamtazami chatu. Wanamtazama kwenye kioo, kajoka ka urefu wa kidole, huku nyoka mwenyewe anapumua hatua nne mbele yao.

Nikawa nawahukumu kimoyomoyo. Hata wageni wanaokuja kwenye makumbusho yetu ya Wasukuma, wakifika kwenye lile jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, mahali zinapotunzwa ngoma za himaya za Usukuma, wengi huzipiga picha ngoma zote kwa dakika chache kisha huuliza choo kiko wapi. Padri David Clement, yule Mkanada aliyeanzisha mambo haya Bujora miaka ya 1950, alitumia miaka mingi kukusanya vitu, nyimbo na simulizi kwa wazee. Mgeni wa leo anavikusanya vyote kabla soda yake haijapoa. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaza, kwa kiburi fulani cha mwenyeji, na nilipopata likizo na kuamua kwenda Bukoba kwa meli, nikaiacha simu janja nyumbani, nikabeba kitochi.

Kusema kwamba umepanda meli ili kupumzika ni jambo la kuchekesha kidogo kwa watu wa Kanda ya Ziwa. Meli kwetu ni usafiri: magunia, magodoro, mikungu ya ndizi, mtoto anayelia. Wanaopumzika melini ni wazungu, kwenye yale majengo yanayoelea ambayo mara moja moja hufika Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Lakini New Victoria, meli ya Bukoba, ina haki yake ya kupendwa na asiye na haraka. Mwili wake ulitengenezwa Scotland, ukaletwa kwa vipande na kuungwa Kisumu, nayo meli ikaanza kazi mwaka 1961, mwaka uleule wa uhuru wa Tanganyika. Ilikaa kando kwa miaka kadhaa, ikakarabatiwa, ikarudi majini mwaka 2020 ikiwa na jina refu zaidi, Hapa Kazi Tu likiwa mkiani, na nafasi ya abiria 1,200. Inaondoka Mwanza usiku, inapita Kemondo, inaingia Bukoba asubuhi. Kwa nauli ya kawaida unapata usiku mzima juu ya Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,000. Sijui likizo gani nyingine ina thamani hiyo kwa mshahara wangu.

Mtandao haukatiki ghafla. Taa za Capri Point, pale Mwanza, zinapungua, na watu wanasogea nyuma ya meli, upande wa mji, wakiinua simu juu kidogo, kisha juu zaidi, mpaka wanakata tamaa mmoja mmoja. Nilisubiri kuona nini kitafuata. Nilikuwa nimejiandalia picha nzuri kichwani: vioo vitazimika, na watu watageukiana, wataulizana habari za ukoo na za mvua, kama nilivyosimuliwa kwamba wasafiri wa zamani walifanya. Hawakufanya hivyo. Walilala. Mama mmoja aliyekuwa karibu yangu alijifunika kanga mpaka kichwani kabla hatujatoka vizuri kwenye ghuba. Nami nikabaki na ziwa langu, giza la mwezi, na kitochi chenye tochi, na baada ya muda, kwa nini nisiseme, nikachoka kutazama.

Mbele yetu upande wa kulia kulikuwa na taa nyingi, safu ndefu, na nikajiambia kwamba ule ni mji wa Nansio, kisiwani Ukerewe. Nilimwambia hivyo kijana mmoja wa Muleba aliyekuwa ameegemea chuma cha ukingo, kwa sauti ya mtu anayejua. Akatoa simu yake ya kupangusa. Alikuwa ameipakua ramani kabla ya kuondoka nyumbani, na kumbe simu hupokea mahali ilipo moja kwa moja kutoka kwenye setelaiti, haihitaji bando wala mnara. Kidoti cha buluu kilikuwa kinasogea polepole sana kwenye weupe wa maji. Ukerewe ilikuwa kwingine kabisa. Pale nilipoonyesha mji, ramani ilionyesha maji matupu.

"Hao ni wavuvi wa dagaa, mwalimu," akasema. "Mwezi ukiwa haupo ndiyo kazi yao."

Nimekula dagaa maisha yangu yote. Nilijua wanavuliwa kwa taa, nilijua usiku wa giza ndio usiku wao, kwa sababu dagaa huifuata taa na mbalamwezi huiharibu. Hata hivyo nilikuwa nimesimama mbele ya watu wanaofanya kazi, nikawaona kuwa mji. Simu ndiyo iliyonirudisha kuwatazama, na baada ya hapo nilitazama kwa muda mrefu, nikijaribu kutenganisha mtumbwi na mtumbwi, na sikuchoka tena. Sasa hilo nililiweka wapi katika imani yangu? Sikulipatia mahali. Wala sasa sijalipatia vizuri. Labda kifaa hakina kosa, na labda anayeinua simu kwenye uwanja wa Bulabo naye anaona kitu ambacho mimi, kwa kumtazama yeye badala ya ngoma, sikioni.

Ndugu yangu anayeongoza watalii Dar es Salaam alikuwepo Januari 2024 ilipotia nanga meli ya kitalii Norwegian Dawn, ikiwa na watalii zaidi ya 2,000. Anasema kwenye meli za namna ile suala la kubeba au kutobeba simu limeshaamuliwa na wenye meli. Kupanda ni kwa simu, meza ya chakula cha jioni ni kwa simu, na zipo kampuni ambazo sehemu ya mafunzo ya usalama, yaani wapi pa kukimbilia na namna ya kuvaa jaketi okozi, abiria huyatazama kwenye simu yake. Kinachowaumiza wengi ni kusahau kuiweka katika hali ya ndege. Meli ina mnara wake mdogo unaozungumza na setelaiti, simu inaudaka yenyewe, na bili inakuja kumkuta mtu nyumbani akiwa amekwisha kusahau rangi ya bahari. Nilimcheka. Yeye akaniuliza mimi nililipaje nauli ya Bukoba. Nililipa kwa M-Pesa. Kweli kitochi kinatosha, unabonyeza *150*00# kama mtu yeyote, lakini ni simu vilevile.

Tatizo hili la mawasiliano melini si la kizazi chetu peke yake. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, mwendesha redio wa Titanic, Jack Phillips, alikuwa na rundo la salamu za abiria za kutuma kwenye kituo cha Cape Race. Watu walikuwa wamelipia: tumefika hapa, tunaendelea vizuri, tupokeeni. Meli ya jirani, Californian, ilipomwarifu kwamba imesimama katikati ya barafu, alijibu inyamaze, yuko kazini. Baada ya ajali mashine ileile ndiyo iliyoiita Carpathia, na watu zaidi ya 700 wakaokolewa. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko linavyostahili kwa mtu wa Bujora. Kila ninapotaka kulitumia kuwasema wanaotuma salamu, nusu yake ya pili inanifunga mdomo.

Meli yetu ya Bukoba ilipokaribia Kemondo alfajiri, kitochi kikaanza kutetemeka mfukoni. Jumbe zilikuwa za mama. Alikuwa amepiga usiku, akasikia kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa, akapiga tena, akapiga tena. Nilimpigia, nikamwamkia, nikaanza kumweleza habari za taa za dagaa. Hakuzisikiliza. Aliniuliza:

"Walikuandika jina?"

Sikuelewa. Nikamwambia nina tiketi. Akarudia, "Sijauliza tiketi. Jina lako wameliandika, lote?"

Anayetoka kwetu Kisesa kwenda mjini Mwanza kwa daladala hupita Igoma. Pale ndipo walipozikwa watu wa MV Bukoba, na mama yangu hapiti Igoma akiwa anazungumza. Hukatisha maneno hadi gari lipite. Meli ile ilizama alfajiri ya tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza kutoka Bukoba. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800, na neno "wanakadiriwa" liko pale kwa sababu moja: abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Simu za mkononi zilikuwa zimeingia nchini miaka miwili tu nyuma, na si kwa watu wa kwetu. Watu walisikia redioni, kisha wakaenda bandarini kuuliza, na wapo walioambiwa kwamba hakuna karatasi inayosema mtu wao alipanda. Mama alimsindikiza jirani yake katika kuuliza huko. Hilo ndilo analolikumbuka, kuliko hata mazishi: mama mwenzake akijaribu kuthibitisha kwamba mwanawe alikuwemo.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, simu zilikuwa zimeshaenea kwa watu wa kwetu. Kivuko kilikuwa cha watu 101. Walikufa 228. Na bado siku zile za mwanzo hakuna aliyeweza kusema walikuwa wangapi, maana mkata tiketi naye alizama, na mashine yake ikazama pia.

Kwa hiyo sina uhakika tena kwamba nilikuwa nikijiuliza swali lenyewe. Nilikuwa nikiuliza kama mimi, msafiri, naihitaji simu ili nifurahi, na jibu linabadilika kutegemea usiku na taa. Mama alikuwa anauliza mambo ya upande wa pili kabisa, upande wa anayebaki. Kwake simu yangu melini ilikuwa ushahidi kwamba nipo. Ikikaa kimya, anarudi 1996.

Lakini hapo napo nasita. Baba yake mama alikuwa akivuka kwenda Ukerewe kwa mtumbwi, akirudi siku aliyorudi, na bibi hakulala macho. Au alilala macho na hakumwambia mtu? Sisi tumewazoesha wazazi wetu kusikia sauti kila saa, na sasa saa mbili za ukimya majini zinamfanya mtu mzima aketi kitandani na taa ikiwaka. Nikibeba simu janja safari ijayo, nikamtumia picha ya taa za dagaa mara tu mnara ukionekana, je, nitakuwa nimempunguzia hofu au nimemwongezea kipimo chake? Nimemuuliza. Ameniambia niache maneno mengi, nitume tu.

Na nitatuma, ingawa najua katikati ya ziwa simu haiwezi kumwita mtu. Hapo anayesikika ni nahodha kwa redio yake, na jaketi okozi lililo karibu na mkono wako lina faida kuliko vioo vyote vilivyomo melini. Mtu atakayeniuliza leo kama achukue simu janja kwenye likizo ya meli, nitamwambia achukue, aipakue ramani akiwa bado nchi kavu, ajaze pawabanki, kwa kuwa soketi hugombewa, kisha asiitegemee. Ila kabla ya hayo yote, siku ya kukata tiketi, asikubali kuandikwa "Mama Neema" au "Juma" peke yake. Ataje majina yake yote, na namba ya mtu aliyebaki nyumbani. Na mtoto aliyempakata, hata kama halipiwi nauli, naye aandikwe.