Mali Bila Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu hudhani usemi huu unawahusu wenye maduka tu. Lakini mfanyakazi naye ana mali, nayo ni mshahara wake. Na aghalabu ana deni pia. Mambo haya mawili hayadumu katika kiasi kimoja mwezi hata mwezi, na kwa sababu hiyo hapana budi yaandikwe.

Nilifanya kazi ya ukarani wa hesabu kwa miaka mingi hapa Musoma. Tangu nistaafu, majirani wa Nyasho na Bweri, na hata jamaa wa Bunda na Butiama, huniletea karatasi zao za mshahara tuzitazame pamoja. Swali lao huwa moja: "Mzee, mbona fedha zilizoingia benki si sawa na za mwezi uliopita?"

Jibu limo katika makato. Chukua mfano wa mtumishi wa umma mwenye mshahara wa shilingi 600,000. Pensheni ni asilimia 5, yaani 30,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 18,000. Kodi, tuseme 30,000. Ikiwa alisomeshwa chuo kikuu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 90,000. Mkononi hubaki 432,000. Mshahara ukipanda, makato haya nayo hupanda. Julai 2025 kima cha chini cha watumishi wa umma kilipopandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000, wapo walioshangaa kuona nyongeza waliyoitarajia haikufika yote mfukoni. Haikupotea, iligawanyika njiani.

Kwa hiyo, usiandike 432,000 peke yake. Andika 600,000 kuwa ndiyo mapato yako, kisha chini yake uorodheshe kila kato kwa jina lake. Siku kato moja litakapobadilika, utaliona papo hapo.

Sasa tuje kwenye mkopo. Mwalimu mmoja wa Bunda alikopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba ikiwa asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Kila mwezi alipunguza deni lenyewe kwa 100,000. Mwezi wa kwanza riba ilikuwa 12,000, akalipa 112,000. Mwezi wa pili riba ikawa 11,000, akalipa 111,000. Ikashuka hivyo hivyo hadi mwezi wa mwisho, alipolipa 101,000. Riba yote ilifika 78,000. Lau riba ingehesabiwa juu ya mkopo wa mwanzo mpaka mwisho, angelipa 144,000, yaani 66,000 zaidi. Basi, kabla hujatia sahihi, uliza: riba ni ya deni lililobaki, au ya deni la mwanzo?

Mwalimu huyo alikuwa na daftari la kurasa ndefu, lenye safu nne: tarehe, riba, deni lililopunguzwa, na salio. Salio lilifika sifuri mwezi Aprili. Mei akakatwa tena 101,000, na Juni vilevile. Wakati huo mwanawe alikuwa amechaguliwa kwenda kidato cha tano, naye alitakiwa kuripoti Julai akiwa na godoro, sare na nauli. Hizo 202,000 ndizo zilizokuwa zimetengwa kwa safari hiyo.

Alikwenda kwa waliomkopesha. Karani akamwambia kwamba mashine inaonyesha bado anadaiwa. Mama yule hakugombana naye. Alifungua daftari, akaweka kando yake karatasi 12 za mshahara, na kumwomba ataje ni mwezi gani haukulipwa. Haukupatikana. Fedha zake zilirudishwa, na kijana akaripoti shuleni pamoja na wenzake. Wapo wengine waliokatwa kama yeye wakanung'unika tu, kwa kuwa hawakuwa na cha kuonyesha.

Wenye simu na kompyuta wamerahisishiwa. Zipo programu za hesabu, nyingine za bure kama GnuCash, ambazo hukuwezesha kutunga kiolezo cha mshahara na cha rejesho la mkopo, kikajirudia kila mwezi. Ila programu haijui Bodi au mwajiri wako amebadili nini. Kiolezo ni makisio. Karatasi ya mshahara ndiyo ushahidi. Ikitoka, sahihisha tarakimu kabla ya kuhifadhi.

Njia ni ile ile, kwenye kompyuta au kwenye karatasi. Mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, aliieleza katika kitabu kilichopigwa chapa Venice mwaka 1494: kila fedha ina ilikotoka na ilikokwenda. Mkopo unapoingia, si mapato, ni deni. Unapolipa, riba ndiyo gharama. Sehemu nyingine hupunguza deni. Azimio la Arusha la 1967, lililoongozwa na fikra za mwana wa Butiama, Mwalimu Nyerere, lilieleza kwamba anayeomba mkopo sharti aonyeshe atakavyoulipa. Neno hilo linalihusu taifa, na linaihusu nyumba pia.

Na ndugu zetu wasio na mshahara? Mvuvi wa dagaa wa Mwigobero hulipwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa zake hazivuti dagaa, na mitumbwi hupumzika. Lakini rejesho la kikundi halipumziki. Huyu naye aandike mapato kwa kila giza, kisha apange deni lake kwa kipimo cha giza baya, si la neema. Kinachozidi akiweke akiba kwa siku za mbalamwezi. Mkulima wa pamba wa Bunda, anayepata fedha wakati wa msimu tu, afanye vivyo hivyo.

Jambo la mwisho. Daftari lisifichwe uvunguni. Baba na mama walisome pamoja kila mwisho wa mwezi, hata kama salio linatia aibu. Wahenga pia walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Na matanga mabaya zaidi ni yale ambayo mwenzako anayajua siku wadai wanapobisha hodi. Daftari la kurasa mia halina gharama kubwa. Linunue wiki hii, na karatasi yako ya mshahara ijayo iwe ndiyo ukurasa wake wa kwanza.