Chiriku wa mikoko na dawa ya chandarua

Nimekuwa kimya, si kwamba nimewasahau, ni hizi test za mfululizo halafu semina ikaingia katikati. Semina imepita, nimevuka salama, nikaona mada yangu isiishie kwenye faili la mwalimu. Kwa hiyo leo hakuna stori za bumu wala foleni ya kafeteria. Leo ni ndege. Wale wa sheria na biashara msikimbie kwanza.

Ndege mwenyewe anaitwa chiriku wa mikoko. Anaishi Galápagos, visiwa vya Ekwado kule bahari ya Pasifiki, alikopita Charles Darwin mwaka 1835. Ni ndugu wa wale chiriku tuliokaririshwa sekondari: huyu mdomo mnene wa kuvunja mbegu, yule mwembamba wa kudonoa wadudu. Ila huyu wa mikoko Darwin hakumpata, wanasayansi walikuja kumwandika mwaka 1901. Kwa sura hana makuu, rangi ya kahawia, ukimwona juu ya bati la hosteli utasema shomoro huyo.

Zamani alikuwepo pia kisiwa cha Fernandina. Kule ameisha. Leo anazaliana kwenye vipande viwili tu vya mikoko, Playa Tortuga Negra na Caleta Black, pwani ya kisiwa cha Isabela. Vyote pamoja ni kama hekta 30, tuseme viwanja 40 hivi vya mpira. Na ndege wenyewe wanakadiriwa 100, au pungufu ya hapo. Jamani, mia! Hata lecture theatre hawajazi.

Anayewamaliza nani? Panya weusi, walioletwa na meli, wanakula mayai na vifaranga. Tangu 2007 wamekuwa wakidhibitiwa na hapo nafuu imeonekana. Kazi kubwa iko kwa nzi. Anaitwa Philornis downsi, ni mgeni visiwani. Sampuli yake ya zamani ilikamatwa huko mwaka 1964, lakini ni 1997 ndipo alipogunduliwa ndani ya viota. Nzi mkubwa hana kesi, anajilia matunda yaliyooza. Kesi ni mabuu. Mama anataga kwenye kiota, mabuu yakianguliwa yanaingia kwenye matundu ya pua ya kifaranga (ndiyo, puani), yakikua yanahamia chini ya kiota na usiku yanapanda kunyonya damu. Kifaranga hana manyoya, hana pa kukimbilia. Viota vya mwanzo wa msimu visipowekewa dawa, karibu vifaranga vyote vinakufa.

Sasa hapa ndipo jamaa yangu wa chumbani alipoingia. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kuwasilisha, yeye yuko kitandani ndani ya neti yake, anasikiliza. Nikafika kwenye habari ya pamba. Mwaka 2014 Sarah Knutie, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Chuo Kikuu cha Utah, alichapisha na wenzake jambo moja tamu sana. Alikuwa ameona chiriku kisiwani Santa Cruz wakinyofoa nyuzi za pamba kwenye kamba ya kuanikia nguo, wanapeleka kujengea viota. Akaona basi, wawekewe pamba yenye dawa, wajipulizie wenyewe. Gramu moja tu ya pamba ile kwenye kiota ilitosha kumaliza mabuu karibu yote. Dawa yenyewe ni permetrin. Ndiyo hiyo hiyo ya vyandarua, hata vile vya Olyset vilivyotengenezwa Arusha.

Jamaa akakaa. "Yaani watu wanakosa neti, nyie mnampa ndege dawa?"

Hakuwa anatania. Kwao walimzika mdogo wake kwa malaria, mtoto wa darasa la pili. Mtu wa namna hiyo humjibu kwa slaidi.

Nikamwambia taratibu: kaka, hakuna mtoto aliyenyang'anywa neti ili chiriku apate pamba. Ni gramu. Anayekosa neti kijijini amekoseshwa na mambo mengine tunayoyajua, na chiriku wakiisha kesho hatapata neti hata moja ya ziada. Akanyamaza, kisha akauliza lililo gumu zaidi: "Haya, mtawapandia miti mpaka lini?"

Swali hilo hata kwenye semina hakuna aliyeliuliza. Maana kule kwenye mikoko ile pamba haijamaliza kazi. Watu wanapanda miti mirefu na kuingiza dawa chini ya kiota kwa sindano. Kuanzia 2014 walifika mbali zaidi: walichukua mayai na vifaranga, wakavipeleka Santa Cruz, wakavilisha mara 15 kwa siku, vilipokua wakavirudisha mikokoni na kuviachia. Kati ya 2014 na 2016 waliachia ndege 36 kwa njia hiyo. Kwa jamii ya watu mia hiyo ni idadi kubwa, lakini nzi bado yuko kwenye visiwa vingi. Wanachunguza nyigu mdogo anayeshambulia nzi huyo huko kwao bara, na uchunguzi wenyewe lazima uwe wa polepole, maana ukileta mgeni wa kumla mgeni unaweza kuongeza kesi.

Hili la mgeni jamaa alilielewa haraka kuliko mimi nilivyotegemea. Akaonyesha dirishani: "Kama hawa kunguru." Kweli kabisa. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu wanaotupigia kelele asubuhi asili yao ni India. Waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, inasemekana kusafisha taka, sasa wamejaa pwani nzima na wanapora mayai na vifaranga vya ndege wengine.

Kwenye mwarobaini wa nyuma ya hosteli yetu kuna kiota cha chozi, kina vifaranga viwili. Jumamosi saa moja asubuhi nakwenda kuvihesabu, jamaa amesema atakuja. Anayetaka kuungana nasi aje, ila asivae nguo nyekundu zake za mpira, anatisha ndege.