Maji ya Bustani Yetu Yalipolala kwa Jirani



Ndugu wazazi, sisi tunaoishi Nyamirambo, hapa Kigali, nyumba zetu zimekaa mlimani kama ngazi. Paa la mmoja linakaribia usawa wa ua wa mwingine. Kwa hiyo mvua za mwezi wa Machi hadi Mei zikianza, maji ya mtu hayabaki kuwa yake.

Nyuma ya nyumba tuna bustani ndogo ya mchicha, vitunguu na karoti. Masika moja mboga zikawa za manjano, tukadhani ni njaa ya mbolea, tukaongeza samadi. Zikazidi kufa. Tulipong'oa mche mmoja, mizizi ilikuwa imeoza na inanuka. Kumbe mizizi nayo huhitaji hewa, na udongo uliojaa maji hauna hewa. Tukachimba shimo la sentimita 30, tukalijaza maji baada ya Ishaa. Alfajiri maji yalikuwa bado nusu. Udongo wetu ni mfinyanzi, haunywi haraka.

Basi tukafanya kosa. Tulichimba mtaro ulionyooka kutoka kwenye matuta hadi mwisho wa kiwanja, maji yakaondoka kwa kasi, tukashukuru. Siku ya tatu, baada ya Alasiri, bibi anayekaa chini yetu alipanda polepole akiwa na mkeka uliolowa mkononi. Akatoa salamu, akasema, "Mwalimu, maji yenu yamelala kwangu." Hakusema zaidi. Wiki hiyo hiyo madrasa tulikuwa tunawasomesha watoto haki za jirani. Mama watoto alitutazama tu, nasi tukatazama chini.

Jioni ile tuliufukia mtaro, kisha tukashuka kuona. Ukuta wake wa matofali ya udongo ulikuwa umelainika chini kiasi cha kuingia kidole. Ingenyesha usiku mwingine mmoja, Allah ndiye ajuaye.

Ndipo tukakaa kuhesabu, jambo tulilopaswa kuanza nalo. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati letu ni mita 8 kwa 6, yaani mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 20 inatuletea lita 960! Tulikuwa tunailaumu bustani, na mengi yalitoka juu ya vichwa vyetu. Tuliweka mfereji wa bati na mapipa mawili ya lita 200, lakini mkishahesabu mtaona kwamba hayo hujaa upesi, na yanayofurika lazima yawe na njia.

Njia tuliipata pembeni. Mtaro mpya haushuki mlima, unaukata kwa ubavu, mita 15 hadi kwenye ruhurura ya mtaa. Tuliushusha sentimita moja tu kwa kila mita. Vipimo tulichukua kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, mtoto ameshika upande mmoja na sisi mwingine, maana maji ndani ya mpira husimama usawa mmoja pande zote mbili. Ukingo wa chini tumeupanda majani ya ng'ombe yaushike udongo, na penye mdomo tumepanga mawe ili maji yasichimbe. Kuna aliyetushauri tuchimbe shimo kubwa la mawe yanywee humo humo. Mahali tambarare, mbali na msingi, ni sawa. Mlimani, juu ya nyumba ya mtu, tukakataa, kwa sababu mlima ulioshiba maji unaweza kuporomoka.

Matuta tumeyainua sentimita 25, na hatuyakanyagi yakiwa yamelowa. Penye unyevu usiokwisha tumepanda magimbi. Mapipa yana mifuniko, kwani mbu hahitaji hata wiki mbili za maji yaliyotuama ili azaliane.

Ukuta wa bibi tuliusaidia kuutengeneza pamoja na wanawe, kidogo kidogo, kadiri mshahara ulivyoruhusu. Mvua za mwaka uliofuata alimtuma mjukuu wake na bakuli kuomba magimbi, tukamuuliza kama ndani ni pakavu. Akasema pakavu, isipokuwa jikoni. Tulishuka kuangalia. Hayo ya jikoni yanatoka kwa jirani wa upande wa pili, naye tumemwazima ule mpira.