Moto Mkiani mwa Gari

Sisi tunaokaa Lubumbashi si wageni wa moto. Mji wetu ni mji wa shaba. Tanuri zake zilianza kuyeyusha mawe mwaka 1911, na bomba lake refu la moshi lajulikana na kila mtoto. Lakini siku hizi twaona moto wa namna nyingine. Jumamosi jioni, msafara wa arusi unapopita, gari moja hujitenga na mengine, hupiga mlio kama wa bunduki, na ulimi wa moto hutoka nyuma yake. Vijana hushangilia. Watoto wachanga huamka wakilia. Nao wazee wetu, waliosikia bunduki za kweli humu mjini kati ya mwaka 1960 na 1963, hunyamaza kimya.

Kijana mmoja wa ukoo wetu naye autaka moto huo. Gari lake lilitoka Japani, likapita Dar es Salaam na Kasumbalesa. Mchana ni teksi, na fedha yake humlisha mama yake na wadogo zake. Amekwisha weka akiba ya kumlipa fundi. Alituuliza kwa adabu: “Baba, mama, kuna ubaya gani?” Swali hilo lastahili kujibiwa kwa sababu, si kwa ukali.

Je, moto huo watoka wapi? Ndani ya injini petroli huchanganyika na hewa, kilo moja ya petroli kwa kilo 14.7 hivi za hewa. Plagi, ambayo mafundi wetu huiita buji, hutoa cheche. Mchanganyiko huwaka ndani ya silinda na kuisukuma pistoni. Moto huo ni mtumishi mwema: hufanya kazi yake gizani, wala hauonekani. Basi ukiuona moto nje, ujue kwamba petroli imetoka katika injini kabla ya kuungua yote. Petroli huwaka yenyewe kwenye joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi, na bomba la moshi la injini iliyokimbizwa laweza kupita nyuzi 600. Petroli ikikutana na hewa humo, hulipuka.

Gari bovu hufanya hivyo kwa ugonjwa. Hao vijana hufanya kwa kusudi. Fundi hugeuza programu ya kompyuta ya gari ili petroli izidi kumiminika hata dereva aondoapo mguu, na cheche ichelewe. Kisha huondoa sailensa, pamoja na kile chombo kisafishacho moshi, chenye platini na madini mengine ya thamani. Maana kikiachwa, petroli inayoungulia humo hukiyeyusha.

Wengine watasema: mbona magari ya mashindano hutoa moto, kama yale ya Safari Rally ya Kenya, iliyorudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021? Ni kweli. Lakini huko moto una kazi: huendelea kuzungusha turbo dereva anapoachia mafuta, ili gari lisilegee litokapo katika kona. Kazi hiyo huchakaza turbo upesi, na wenye timu hununua nyingine. Teksi ya kijana wetu itanunuliwa nyingine na nani?

Na sheria yasemaje? Nchi yetu, siku zile ikiitwa Zaire, ilijiunga mwaka 1977 na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya magari barabarani. Sheria yetu ya barabara, nambari 78/022, ikafuata tarehe 30 Agosti 1978. Mkataba huo hautaji ulimi wa moto kwa jina. Lakini wadai kila injini ya gari iwe na sailensa ifanyayo kazi vema, ambayo dereva hawezi kuizima akiwa kitini pake. Tena wamkataza kila mtumiaji wa barabara kuhatarisha watu. Basi aliyeng'oa sailensa ili moto utoke amekwisha kuuvunja mkataba kabla moto wenyewe haujaonekana. Uwanja wa mashindano uliofungwa ni jambo jingine. Barabara ya Likasi si uwanja wa mashindano.

Tuikumbuke pia hatari. Kando ya njia zetu petroli huuzwa katika madumu, na mwezi wa Agosti majani yote ni makavu. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange katika Kivu ya Kusini, lori la mafuta lilipinduka, petroli ikamwagika, moto ukawaka, na watu zaidi ya 200 wakafa. Petroli iliyo nje ya chombo chake haimjui mwenye arusi wala mpita njia.

Enyi baba na mama, msiwadharau vijana wapendao magari. Kumpenda chuma ni mwanzo wa ufundi, na mji huu wahitaji mafundi. Waonyesheni kwamba fundi hodari ni yule anayeizuia nguvu yote ndani ya injini, gari likaenda mbali kwa mafuta machache. Arusi nayo ina nyimbo, ina ngoma, ina honi. Furaha yake yatosha. Wahenga walisema: debe tupu haliachi kuvuma.