Fidla Ndogo Katika Nchi ya Baridi

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na methali hii aghalabu huelekezwa kwa mtoto, au kwa mzazi anayechelewa. Ni nadra kuelekezwa kwa yule anayekunja. Ilhali samaki aliyekunjwa vibaya naye hukauka vile vile, na akishakauka hanyooki tena. Yampasa kulikumbuka hili mtu aliyeazimia kuwafundisha fidla watoto wadogo, mmoja mmoja, majumbani mwao, mbali na chuo na mbali na mkaguzi.

Tumfikirie mwalimu wa namna hiyo akiwa Njombe. Ili apate wanafunzi wa kumtosha riziki, itambidi ahudumie na Makambako, mwendo wa kilomita zipatazo 60. Makambako ni njia panda: hapo barabara ya Songea huachana na barabara kuu iendayo Zambia, na hapo hupita reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Mtoto wa hapo hujifunza kusikiliza huku malori yakinguruma. Njombe iko juu zaidi, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, katikati ya mipaina, miwati na mashamba ya chai, na baridi yake ya Juni na Julai huuma. Hewa ikikauka, mti wa fidla husinyaa, vigingi huteleza na nyuzi hushuka. Unyevu ukizidi, vigingi hivyo hivyo hukwama. Basi somo huanza kwa kukaza nyuzi, na kwa kuvipasha vidole vya mtoto moto kwenye jiko la mkaa.

Shingo ya gitaa ina vipande vya chuma vinavyokionyesha kidole mahali pa kukaa. Shingo ya fidla haina alama yoyote. Kiongozi wake ni sikio. Katika fidla ya mtoto, kidole kikisogea unene wa ukucha tu, sauti hupotoka. Mtoto aliyezoea sauti iliyopotoka huiona ndiyo sahihi, na atakapokuwa mkubwa atatumia miaka kuiondoa. Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi hii.

Mjapani Shinichi Suzuki, aliyeishi kati ya 1898 na 1998, aliitazama kazi hii kwa jicho la kawaida kabisa. Aliona kwamba watoto wote wa Japani husema Kijapani bila ya kufundishwa sarufi, kwa kuwa hukisikia tangu kuzaliwa. Kwa nini muziki usifundishwe hivyo? Akatanguliza kusikia kabla ya kusoma nota, akamtaka mzazi aketi ndani ya somo, na akatumia fidla ndogo zinazolingana na mikono midogo.

Lakini mtoto wa Njombe amesikia nini? Hakuzaliwa katika sauti ya fidla, ila hakuzaliwa katika ukimya pia. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika nyanda hizi mwishoni mwa karne ya 19, na makao makuu ya Dayosisi ya Kusini ya KKKT yako Njombe. Watoto wengi wa hapa wamesikia kwaya ya sauti nne wakiwa bado mgongoni mwa mama. Nyuzi nne za fidla hupishana kwa mwachano ule ule ulio kati ya do na so, na mwachano huo mtoto wa mwanakwaya anao tayari kifuani. Mwalimu mwenye busara huanzia hapo, wala hamchukulii mtoto kama chungu kitupu.

Na mwalimu mwenyewe atajifunzia wapi? Huko Kinshasa, Armand Diangienda alianzisha Okestra ya Kimbanguiste mwaka 1994 kwa fidla chache zilizopokezanwa kwa zamu, na aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua. Ushujaa huo unastahili heshima. Hata hivyo, mtu mzima anaweza kuligundua kosa la mwalimu wake na kulikataa. Mtoto wa miaka 5 hana ngao hiyo. Ipo pia njia ya Unguja, ambako Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilifungua milango mwaka 2002 katika Jumba la zamani la Forodha. Huko mgeni wa bara hugundua kuwa fidla ya taarabu hutumia pia sauti zinazokaa katikati ya zile za kwaya. Chombo ni kimoja, masikio ni mawili. Lazima ajue ni sikio lipi analolijenga kwa mtoto.

Kisha kuna suala la fedha. Mtoto wa miaka 5 au 6 kwa kawaida hushika fidla iitwayo ya robo, ingawa si robo kwa urefu, hilo ni jina tu. Atapita ya nusu, kisha ya robo tatu, ndipo afikie iliyo kamili akiwa na miaka 11 au 12. Mzazi atakayenunua kila moja ni wa nadra. Kwa hiyo mwalimu hana budi awe na akiba ya fidla ndogo za kuazima, zikitoka kwa mtoto aliyekua na kwenda kwa anayeanza.

Swali la mzazi halikawii.

“Kamwene, mwalimu. Huyu atapiga lini kanisani?”

“Kamwene, mama. Kwanza ajue kusimama.”

Jibu hilo ni gumu kulitoa mbele ya mtu aliyeshika ada mkononi. Ingekuwa rahisi kumfundisha mtoto wimbo mmoja kwa haraka, bega likiwa limepinda na kifundo kimekakamaa, ili Jumapili ijayo ashangiliwe. Wengi wangeridhika, na pengine wanafunzi wangeongezeka. Mwalimu anayejua kwamba samaki hakunjwi mara mbili atakubali kuonekana mzembe kwa miezi kadhaa, naye mzazi aliyeketi ndani ya somo ndiye atakayekuwa wa kwanza kumwelewa.