Mvua ya Mwaka 1979

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niwaandikie ndugu zangu wanafunzi, na wenzangu tuliosoma hapa zamani, habari za kazi yangu. Kazi yangu ni ya kompyuta na hesabu za mvua. Sitajisifu, maana jambo nitakalolisimulia ni kosa langu mwenyewe. Lakini nadhani mtu hufaidika na kosa la mwenziwe kuliko na sifa zake.

Mwaka 2022 nilikuwa chuo kikuu, nikimalizia shahada ya pili. Nilipewa vipimo vya kituo kimoja cha mvua upande wa Masaka, si mbali na nyumbani kwetu, vilivyoandikwa siku kwa siku kwa miaka mingi. Nilitakiwa kuhesabu siku za mvua za kila mwaka, nione kama zinapungua au zinaongezeka. Swali hilo si la vitabuni tu. Baba yangu ni mkulima wa kahawa na maharage, na mkulima akikosea siku ya kupanda, hasara ni yake.

Programu ya kazi hiyo iliandikwa kwa lugha ya C na mwanafunzi aliyenitangulia. Lakini haikusimama peke yake. Iliegemea maktaba ya hesabu iitwayo GNU Scientific Library, au GSL kwa kifupi, iliyoanzishwa mwaka 1996 na Mark Galassi na James Theiler wa maabara ya Los Alamos, Marekani. Maktaba hiyo hutolewa bure pamoja na msimbo chanzo wake, yaani maandishi yenyewe kama yalivyoandikwa na watu. Kompyuta haiwezi kuyatumia hivi hivi. Lazima yapitishwe katika programu nyingine iitwayo kompaila, ambayo huyageuza yawe amri za mashine. Ni kama mahindi na kinu: mahindi ni yale yale, lakini unga hufuata kinu kilichosaga.

Amri za kuijenga ni nne. Ya kwanza, "./configure", huikagua mashine ione ina nini na imekosa nini. Ya pili, "make", huyageuza maandishi. Ya tatu, "make check", huijaribu maktaba kwa mamia ya maswali ambayo majibu yake yanajulikana. Ya nne, "make install", huiweka mahali pake. Tafadhali ikumbukeni ile ya tatu.

Kwanza nilijaribu katika kompyuta ya maabara, iliyoendeshwa kwa Linux. Amri mbili za mwanzo zilipita vizuri, na ya tatu pia. Nilipotoa ya nne nikakataliwa, kwa kuwa mimi si msimamizi wa mashine na sina ruhusa ya kuweka kitu katika mahali pa watu wote. Mwenzangu akanifundisha kuanza upya na kuongeza neno "--prefix", ili maktaba iwekwe katika sehemu yangu mwenyewe. Nikafanya hivyo. Lakini nilipoiendesha programu yangu, ikalalamika kwamba haioni maktaba! Kumbe ilikuwa ikiitafuta mahali pa kawaida tu, kama mgeni anayebisha hodi katika nyumba uliyohama. Nikaielekeza kwa njia iitwayo "LD_LIBRARY_PATH", ikakubali. Nikaijaribu kwa vipimo vya mwaka mmoja, nikafurahi.

Lakini maabara ilifungwa jioni, na wanafunzi tulikuwa wengi kuliko mashine. Basi nikataka kufanya kazi chumbani kwangu, katika kompyuta yangu ndogo ya Windows. Windows haina kompaila ndani yake. Hata hivyo, tangu mwaka 2016 kuna njia ya kuiendesha Linux ndani ya Windows, nami nikaifuata. Mashine ilikuwa dhaifu na hesabu zilikwenda polepole. Rafiki mmoja akaniambia, "Iambie kompaila iongeze mwendo. Andika '-ffast-math'." Nikaandika bila kuuliza maana yake. Na kwa kuwa usiku ulikuwa umekwenda sana, na "make check" huchukua muda, nikairuka. Nilijiambia kwamba maktaba ilikwisha kujaribiwa maabarani, basi ya nini kuijaribu tena?

Matokeo yakatoka mazuri ajabu. Mstari wa mchoro wangu ulishuka toka miaka ya zamani mpaka ya leo: siku za mvua zilikuwa zimepungua sana. Nikampelekea Profesa wangu. Akanipongeza, akasema nitaeleza habari hizo mbele ya mabwana shamba wa wilaya. Nami nikaenda nyumbani mwisho wa juma nikiwa nimejaa furaha kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Jioni nikamwonyesha baba mchoro. Nikamwambia, "Baba, katika miaka hii yote, mwaka uliopata siku nyingi za mvua ni 1979."

Baba akautazama mchoro kwa muda. Kisha akaniuliza, "Miezi gani?"

Nikafungua jedwali. Machi, siku 31 za mvua. Aprili, 30. Mei, 31. Juni, 30. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kitu ambacho ningalikiona siku ya kwanza, kama ningalisoma jedwali badala ya kuupenda mchoro.

Baba akasema, "Mwanangu, Masaka ilitekwa mwishoni mwa Februari mwaka ule. Mimi nilikuwa kijana wa miaka 17. Tulikimbia, na mpaka Juni tulikuwa hatujarudi. Mtu wa kupima mvua naye alikimbia. Sasa nani alikuwa akizihesabu siku hizo?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule sikupata usingizi.

Jumatatu nikamwomba mwanafunzi mwenzangu mwenye kompyuta ya Mac tuijenge maktaba ile ile kwake. Huko nako kuna mambo yake: ukiandika "gcc", jina la kompaila ya GNU, anayeitika ni mwingine aitwaye Clang. Hata hivyo tulizifuata amri zote nne bila kuongeza neno lo lote. Tukaendesha programu kwa miaka yote. Ile miezi minne ya 1979 ikatoka bila siku hata moja ya mvua, nayo ikaandikwa kuwa haina vipimo. Nikaenda maabarani, nikapata vile vile. Mashine mbili zikasema neno moja; yangu peke yake ikasema lingine.

Sababu ilikuwa hii. Siku isiyo na kipimo huwekwa alama "NaN", maana yake si namba. Programu yangu huiuliza maktaba, "Hii ni NaN?" Ikijibiwa ndiyo, huiruka siku hiyo. Lakini neno "-ffast-math" ni ahadi: unaiahidi kompaila kwamba NaN haitatokea kamwe, nayo kwa kukuamini huliondoa swali lenyewe ili iende mbio. Maktaba yangu basi ikawa hujibu "siyo" kila ilipoulizwa. Kisha programu huuliza, "Mvua ni chini ya milimita 1?" NaN haiwi chini ya kitu cho chote, basi jibu ni hapana, na siku hiyo huhesabiwa kuwa ya mvua. Siku 122 za vita zikageuka siku 122 za mvua. Nikarudi chumbani, nikatoa ile amri ya tatu niliyoiruka. Neno "FAIL" likatokea papo hapo katika majaribio ya NaN.

Nilipozihesabu siku upya kwa haki, ule mstari uliokuwa ukishuka ulilala karibu sawasawa. Miaka ya zamani ndiyo iliyokuwa na mapengo mengi, na kila pengo nililigeuza mvua.

Sasa nikawa na shida. Hakuna aliyejua ila mimi, baba, na yule mwenzangu. Mkutano wa mabwana shamba ulikuwa baada ya siku 9. Nakiri kwamba nilikaa siku nzima nikitafuta maneno ya kujitetea. Mwisho nikafikiri, kama baba angaliambiwa na mtaalamu asiyemjua kwamba mvua zimekimbia, naye akaing'oa kahawa yake kwa sababu hiyo, ningalisemaje? Nikaenda kwa Profesa, nikamweleza yote. Alinyamaza, kisha akasema mkutano utaahirishwa na kwamba nitaandika kazi upya. Wenzangu walihitimu mwaka ule. Mimi nilihitimu mwaka uliofuata.

Tangu siku hiyo nina daftari ya karatasi. Kila nijengapo programu naandika tarehe, mashine, mfumo wake wa uendeshaji, toleo la kompaila, na kila neno nililoongeza katika amri, pamoja na majibu ya "make check". Vijana wa ofisini kwetu hunicheka kwa kuandika kwa kalamu habari za kompyuta. Nami huwajibu kwa maneno ya wazee: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ninyi mlioko darasani, mtakapopewa mashine zenye mbio kuliko zetu, zijaribuni kwanza kwa swali ambalo jibu lake mnalijua. Na mkimaliza hesabu zenu, mwonyesheni mtu aliyekuwako.